Askari na Kalamu Yake

Msomaji kijana, ukijaliwa siku moja kupita katikati ya mji wa Nairobi, usikimbilie maduka wala magari kama wafanyavyo wengi. Simama kidogo katika Barabara ya Kenyatta, mbele ya zile sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wao ni mpagazi, mtu aliyekwenda vitani na mzigo kichwani. Chini ya sanamu yameandikwa maneno kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Maneno yale yanawapa waliokufa ahadi moja kubwa: kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Sasa lizunguke jiwe lile polepole. Tazama mbele, tazama nyuma, tazama pande zote mbili. Tafuta jina. Hutaliona hata moja. Ahadi ya kukumbuka majina imeandikwa juu ya jiwe lisilo na jina la mtu ye yote.

Hapo ndipo ninapoanzia neno langu, nalo ni hili: taifa lililopata askari hodari na halikupata askari waandishi limepata nusu tu ya ushujaa wake, na nusu ya pili limewaachia wageni waigawe wapendavyo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulilishika neno hilo kwa habari ya fedha na ng'ombe, tukalisahau kwa habari ya damu.

Najua wako watakaonipinga. Watasema kwamba askari kazi yake ni kupigana, na kuandika ni kazi ya makarani; kwamba shujaa atosheka na sanamu, na siku moja ya hotuba na nyimbo kila mwaka. Ninyi wanafunzi mtayasikia maneno hayo mara nyingi, hata kwa watu wazima wenye heshima zao. Naomba mnisikilize kwanza, kisha mwamue.

Tuanze na wale wapagazi. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwachukua watu wetu kwa maelfu mengi kubeba risasi na chakula katika nyika za Tanganyika. Wengi walikufa, na waliouawa na homa, kuhara na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Katika Nairobi walituachia jina la mtaa, Kariokor, ambalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao; wengi wanunuao vikapu katika soko lile hawajui kwamba walitamka jina la wafu. Mwaka 2021, baada ya zaidi ya miaka 100, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Angalia pengo lililoko kati ya hesabu hizo mbili, msomaji. Mtu akipoteza mbuzi, hujua kama amepoteza watatu au wanne. Sisi tumepoteza watu, na hatuwezi kusema kama ni laki moja na ushei au laki tatu na nusu. Huo ndio msiba wa kukosa daftari.

Sasa toka mjini uelekee magharibi kwa Barabara ya Ngong, mpaka ukaribie msitu. Hapo yako makaburi ya vita vya pili, vile vya 1939 hadi 1945. Majani yamekatwa vizuri, mawe yamepangwa mistari kama askari wa gwaride, na safari hii majina yapo. Upo pia ukumbusho wa wale wasio na kaburi, na miongoni mwao ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli iitwayo Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives mwezi Februari 1944. Waliokufa siku ile, Waafrika na wengine, walipita 1,200. Hapa kwa hakika mambo ni bora kuliko kule mjini. Lakini nakuuliza: jina juu ya jiwe lakwambia nini? Lakwambia kwamba mtu aliishi na akafa. Halikwambii kama alikwenda vitani kwa hiari au kwa kulazimishwa. Halikwambii alifikiri nini usiku kabla ya kupigana. Wala halikwambii kama alijua anampigania nani. Mambo hayo hayaandikwi na mchonga mawe. Huandikwa na mwenyewe, au hayaandikwi kabisa.

Ndiyo sababu nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyeandika.

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Nyeri. Alikuja Nairobi angali kijana akitafuta riziki, na mwaka 1942 akaingia katika jeshi la K.A.R. Kutoka Kenya peke yake waliingia jeshini Waafrika karibu 98,000 katika vita vile, naye alikuwa mmoja tu kati yao. Alipelekwa Ceylon, kisha Burma, ambako majeshi ya Afrika Mashariki yalipita katika matope na malaria mpaka yakautwaa mji wa Kalewa mwishoni mwa 1944. Makumi ya maelfu ya vijana wetu waliona nchi hizo. Je, kwa nini tunajua alichofikiri Itote, na hatujui walichofikiri wenzake? Si kwa kuwa yeye alikuwa na akili na wengine hawakuwa nayo. Ni kwa kuwa yeye alikiweka kitabuni.

Katika kitabu chake anasimulia jinsi askari mmoja Mwingereza alivyomshangaa huko Burma. Mzungu yule alimwambia kwamba yeye akifa, atakuwa amekufa kwa ajili ya nchi yake. Lakini Mwafrika akifa huko, nchi yake itapata faida gani? Itote hakuwa na jibu. Anasimulia tena kwamba huko Calcutta alikutana na askari mweusi wa Kimarekani, aliyemweleza jinsi watumwa wa Haiti walivyopigana wakajikomboa. Tazama basi, msomaji: maneno machache ya watu wawili, yaliyosemwa mbali na kwao, yakamrudisha kijana nyumbani akiwa si yule aliyeondoka. Aliporudi Kenya alipata kazi ya kutia makaa katika magari ya moshi. Ardhi haikuwa yake, kura hakuwa nayo, na kipande alikuwa akikichukua daima. Mwaka 1952 aliingia msituni katika Mlima Kenya, akawa Jenerali China.

Mwanzoni mwa 1954 alijeruhiwa, akakamatwa, akahukumiwa kufa. Ndipo likaja jambo ambalo hata leo watu hubishana juu yake. Mbele ya kitanzi alikubali kuwaandikia wenzake waliokuwa msituni barua za kuwaita katika mazungumzo ya amani na serikali. Hukumu ya kifo ikaondolewa. Mazungumzo yakaanza, na katika mwezi wa Aprili yakavunjika baada ya mapigano mapya. Kabla ya mwezi huo kwisha majeshi yaliizunguka Nairobi, yakawakamata maelfu ya watu na kuwapeleka vizuizini.

Wapo wasemao kwamba hapo Itote alisaliti. Husema kwamba shujaa wa kweli hunyamaza mpaka kamba imkaze shingo. Sitawacheka watu hawa, kwani wengi wao walifiwa, na maumivu yana haki ya kusema. Wala sitakuambia kwamba mtu aliyekaa chini ya hukumu ya kifo alikuwa huru kuchagua. Lakini nasema hivi: kuzungumza na adui si usaliti kwa kuwa tu ni kuzungumza. Mkono usioweza kuukata, wahenga walisema, ubusu. Wala hawakumwita mbusu mkono msaliti. Vita vyote vya dunia hii, visipomaliza upande mmoja wote, humalizwa na watu wawili waliokaa mezani. Uhuru wenyewe wa Kenya ulikuja kwa njia mbili, ya msitu na ya meza: kama msitu usingaliwaka, meza ya Lancaster House ingalichelewa kuandaliwa, na kama meza isingaliandaliwa, msitu ungaliteketeza wengi zaidi. Kijana anayefundishwa kwamba bunduki ni ya mwanamume na mazungumzo ni ya mwoga amefundishwa nusu ya historia yake, na nusu hiyo ndiyo iuayo.

Tena tazama jambo lingine. Tungewezaje kubishana juu ya Itote kama asingaliandika? Tungekuwa na maneno ya waliomhoji tu. Jalada la mahojiano yake liliandikwa na polisi. Na kwa miaka mingi habari zote za vita vile ziliandikwa upande mmoja. Mwaka 1955 Mmarekani Robert Ruark alitoa riwaya iliyosomwa dunia nzima, iliyomwonyesha mpiganaji wa msituni kama mnyama mkali. Mwaka 1958 Ian Henderson, ofisa wa polisi yule yule aliyemhoji Itote, alitoa pamoja na mwenzake kitabu juu ya kumwinda Dedan Kimathi. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ikatoa taarifa ya Corfield, iliyoeleza chanzo cha vita kana kwamba kilikuwa ugonjwa wa akili za Waafrika, si njaa yao ya ardhi. Angalia mpango wa mambo: Kimathi alinyongwa Februari 1957, na mwaka uliofuata mwindaji akaandika habari za aliyewindwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Jibu lilianza kuja pole pole. Mwaka 1963 J. M. Kariuki alitoa kitabu cha maisha yake vizuizini. Kisha mwaka 1967, kampuni ya East African Publishing House, iliyokuwa hapa hapa Nairobi, ikatoa kitabu cha Itote. Katika jina la kitabu neno Mau Mau limewekwa ndani ya alama za mtajo, kama kumwambia msomaji kwamba jina hilo halikuchaguliwa na waliopigana. Mwaka 1975 akafuata Bildad Kaggia, naye askari wa zamani wa vita vya pili, akaeleza habari za chama cha wafanyakazi na siasa. Itote mwenyewe alitoa kitabu cha pili mwaka 1979. Mtu huyu hakupata shule ndefu. Alipokuwa mfungwa huko Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, Jomo Kenyatta, mfungwa mwenziwe, alimfunza Kiingereza. Basi jela iliyojengwa imnyamazishe ndiyo iliyompa kalamu. Wewe mwenye dawati, taa na mwalimu unayelipwa, utasema huna nafasi?

Sasa atasimama mpinzani wangu wa pili, naye ana akili kuliko wa kwanza. Atasema: mtu aandikaye habari zake mwenyewe hujipamba. Hujiongezea ushujaa, hupunguza makosa, huwafanya wenzake wafupi ili yeye aonekane mrefu. Hilo ni kweli, wala sitalikana. Kitabu cha Itote hakina budi kusomwa kwa macho mawili, hasa panapohusu miezi ile ya 1954, kwani pale alikuwa shahidi na mshitakiwa pamoja. Lakini dawa ya shahidi mwenye upendeleo si kumfunga mdomo. Dawa yake ni kuita mashahidi wengine. Hakimu husikiliza pande zote mbili, wala halifungi baraza kwa kuwa kila upande unajipendelea. Maovu yetu hayakuwa kwamba Itote aliandika na kujipendelea. Maovu yetu ni kwamba waandishi walikuwa wachache mno, hata hatuna wa kumlinganisha nao. Wako wapi wanawake waliopeleka chakula na risasi msituni? Wako wapi askari Waafrika waliopigana upande wa serikali, nao pia wana wa nchi hii? Mmoja akisema, tuna kisa. Mia wakisema, tuna historia.

Nitakupa mfano wa mbali, usije ukadhani nasema juu ya Kenya tu. Katika visiwa vya Ufilipino, vilivyotawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka 300 na baadaye na Wamarekani, alitokea mtu aitwaye Carlos Romulo. Alikuwa mwandishi wa magazeti, na habari alizoziandika mwaka 1941 juu ya nchi za Asia zilizokuwa zikiingia vitani zilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wajapani walipoishambulia nchi yake alivaa nguo za jeshi. Na mwezi wa Oktoba 1944 alirudi pamoja na Jenerali MacArthur katika kisiwa cha Leyte. Alipigana, kisha akaandika vitabu juu ya aliyoyaona. Mwaka 1945 alitia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa kwa niaba ya nchi ambayo ilikuwa haijapata uhuru wake, akawa miongoni mwa waliodai kwamba mkataba ule uwatajie watu walio chini ya utawala wa wageni neno lenyewe, uhuru. Mwaka 1949 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja huo, Mwasia wa kwanza kukikalia kiti kile. Mwaka 1955 alikuwako Bandung, mataifa ya Asia na Afrika yalipokutana.

Simtaji kama malaika. Katika uzee wake alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Marcos, hata katika miaka ambayo mtawala huyo alitawala kwa sheria ya kijeshi; na kalamu iliyodai uhuru mbele ya mataifa haikuonekana kuwa kali kiasi hicho nyumbani. Lakini tazama alichokijua: bunduki humwondoa adui katika ardhi, na maneno ndiyo humwondoa katika vitabu, katika mikataba na katika vichwa vya watoto. Itote alipata bunduki na kalamu, na meza aliionja mara moja tu, chini ya kivuli cha kitanzi. Romulo alizipata zote tatu. Taifa letu lilihitaji, na lingali lahitaji, watu wa namna hiyo wengi.

Mpinzani wa tatu atanirudisha katikati ya mji. Atanionyesha sanamu ya Kimathi, iliyofunuliwa mwaka 2007 katika barabara yenye jina lake, na ataniuliza: je, hiyo haitoshi? Namjibu kwamba ni jambo jema, lakini halitoshi. Kumbuka kwamba amri ya kikoloni iliyokipiga marufuku chama cha Mau Mau ilidumu katika sheria za Kenya mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Kumbuka tena kwamba Kimathi alizikwa katika gereza la Kamiti, na kaburi lake halijulikani. Tumempa shaba, hatukumpa kaburi. Shaba haisemi, kila mtawala aweza kusimama kando yake akasema apendalo.

Karatasi ni kitu kingine. Wazee wetu walipoishitaki serikali ya Uingereza huko London kwa mateso waliyotendewa wakati wa Hali ya Hatari, walikuwa na makovu yao na ushuhuda wa midomo yao. Ndipo mwaka 2011 ikajulikana kwamba majalada mengi ya serikali ya kikoloni, yaliyoondolewa Kenya kabla ya Uhuru, yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Ushuhuda wa wazee na karatasi zile vikakutana. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake, ikakubali kuwalipa watu 5,228. Waona, msomaji? Waliotesa walikuwa wameandika. Hata hati ya mwenye kukosa ilimsaidia aliyekosewa. Itakuwaje basi aliyekosewa akiandika mwenyewe, mapema, na kwa ukamilifu?

Sasa nakuja kwako wewe, kwani sikuandika insha hii ili upate maksi za historia. Waliopigana Burma karibu wote wamekwisha. Lakini ukienda Dagoretti, Kawangware, Riruta au Kangemi, utakuta vikongwe waliokuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, zaidi ya watu 1,000,000 walipoondolewa katika makao yao na kukusanywa vijijini chini ya ulinzi. Wako wanaokumbuka handaki lililozunguka kijiji na filimbi ya jioni. Labda mmoja wao ni nyanya yako, nawe wamwamkia kila siku, ukala chakula chake, ukalala, bila kumwuliza neno. Siku atakapozikwa, maktaba nzima itaingia kaburini, nawe utalia usijue umelilia nini.

Chukua daftari. Mwendee kwa adabu, ukae chini, umwulize: mlikuwa mkiishi wapi? Nani alichukuliwa? Alirudi? Andika maneno yake kama ayasemavyo, kwa lugha yake, iwe Kikuyu, Kikamba, Kiluhya au Kiswahili. Usiyapambe, wala usiyatie ushujaa usiokuwamo. Akikuambia aliogopa, andika kwamba aliogopa. Akikuambia baba yake alikuwa upande wa serikali, usikunje uso, andika. Tia mwaka, tia mahali, tia jina lako chini yake. Kisha, ukipata nafasi, ingia katika Nyumba ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale katikati ya mji, uombe kutazama majalada ya wilaya yenu, uyalinganishe na daftari lako. Mahali watakapopatana, furahi. Mahali watakapopingana, hapo ndipo kazi ya akili yako inapoanza.

Na ukitoka humo, pita tena mbele ya zile sanamu tatu. Jiwe lile liliahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba, na limekaa tangu 1928 bila kutimiza ahadi yake, kwa sababu jiwe haliwezi kuitimiza. Ahadi ile haikuwa deni la jiwe; ilikuwa deni la wana. Wana ndio ninyi, na daftari mnalo.